Umekaa, Mwanangu?

Mimi kompyuta siijui, na niseme mapema asije mtu akaniletea yake imekwama. Kazi yangu ilikuwa mapokezi: kupokea simu, kukaribisha wageni, kuwaambia wauza kalenda kwamba mzee katoka. Lakini masikio ninayo, alhamdulillahi, na meza yangu ilipakana na ukumbi ambao mlango wake haujapata kufunga tangu nyumba ile ijengwe. Kwa hiyo mambo ya Lydia niliyasikia mwenyewe, na mengine alinisimulia tukinywa chai. Siku hizi nikisikia mtu wa Bahi anasema yule binti alimsahau baba yake kwa kazi ya mjini, nachemka. Sikiliza ilivyokuwa, kisha useme wewe.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kuishi pale Area D. Sebule ndiyo ukumbi, chumba cha watoto ndiyo ofisi ya bosi, na jikoni tulipikia chai kama kawaida. Bosi alikuwa Mzee Rajabu, mwenyeji wa mjini hapa kama mimi. Alikuwa mtumishi wa shirika la umma mpaka lilipobinafsishwa, wakarudishwa nyumbani yeye na wenzake na kiinua mgongo chao. Wengine walinunua daladala zikawafia. Yeye alinunua kompyuta mbili, akaanza kuchapa kadi za harusi na barua za watu, mwisho akaajiri vijana wa kutengeneza programu. Sitamsema vibaya bure. Kazi alitupa wakati kazi hazikuwapo. Ila aliwahi kufukuzwa kazini na watu waliovaa suti nzuri, na tangu hapo mtu akija kavaa suti, Mzee Rajabu anakubali kila kitu.

Lydia alikuwa binti wa Kigogo kutoka Bahi, mtoto wa kwanza wa Mzee Methusela, mkulima wa mpunga. Mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kuchelewa: wenzake wakishamaliza kucheka, ndipo unamsikia peke yake, hii hii hii, mkono mdomoni. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kazi alitafutiwa na Abeli, fundi mkuu wetu, aliyekuwa mwalimu wake chuoni. Alimwita kaka Abeli na kumheshimu hivyo hivyo. Wadogo zake wawili walikuwa sekondari kwa mshahara wake. Nayasema haya mapema kwa sababu mtu ataniuliza mbona hakuacha kazi. Akaacha aende wapi?

Basi wafadhili wakaleta mradi. Kule Bahi kuna skimu, yaani majaruba ya mpunga yanayopata maji kwa mfereji mmoja, na maji yenyewe ni kwa zamu. Zamani mgawa maji alizunguka kwa miguu akiwaambia watu: leo wewe, kesho fulani. Ugomvi haukuisha. Sasa kompyuta yetu ingepanga zamu na kumtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu yake, na mgawa maji angefungua lango kwa kufuata simu, si kwa kufuata shemeji yake. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeenea vijijini; hata anayepanda mti kutafuta mtandao alikuwa nayo.

Lydia alifurahi mpaka akanikumbatia. "Dada Salha, mradi wa kwetu! Baba atapata maji kwa kazi ya mikono yangu!"

Na Mzee Methusela naye hakujaaliwa kunyamaza. Bahi nzima iliambiwa. Kwenye kilabu, kanisani, mnadani: "Mashine ya maji ni ya mwanangu." Jaruba lake mwaka ule alilima lote, na ng'ombe wawili aliwauza akaongeza la kukodi. Wenzake walipoguna kwamba simu haijui maji, yeye ndiye aliyewatuliza. Kumbuka hapo.

Sasa ukaja huo ujuzi mpya. Mzee Rajabu alikwenda semina Dar es Salaam, akarudi na kitu kinaitwa ejaili. Kwa alivyotueleza, ni namna ya kufanya kazi kwa wepesi: badala ya kupanga mwaka mzima, mnafanya vipande vya wiki mbili mbili, ndiyo raundi, mnamwonyesha mtumiaji, akisema hapana mnabadilisha. Kila asubuhi timu inasimama, kila mmoja anasema amefanya nini na amekwama wapi. Mnasimama ili msikae mkapiga soga.

Wallahi mimi niliona ni jambo jema. Hata leo naliona ni jambo jema. Lakini jema likipitia mikono yetu!

Kwanza, mtumiaji. Semina ilisema mtumiaji awe karibu. Abeli akauliza kama tutamwalika mkulima mmoja wa Bahi awe anakuja. Mzee Rajabu akajipiga kifua: "Mtumiaji ni mimi. Nitasema kwa niaba ya wakulima." Kha! Mtu ananunua mchele wa Mbeya kwa kilo, jaruba kaliona dirishani mwa basi akienda Singida harusini.

Pili, ubao. Ukutani palibandikwa karatasi ndogo za rangi katika safu tatu: Kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Kando yake mchoro unaoonyesha karatasi ngapi zimekwisha, na mchoro ule uliamriwa kupanda. Wafadhili walikuwa wakiuona wanapiga picha. Ikawa karatasi ikishaingia Imekwisha hairudi, kwa sababu ikirudi mchoro unashuka, na mchoro ukishuka Mzee Rajabu anaiona barua ya kufukuzwa kazi upya.

Tatu, na hili ndilo lililonikera mimi binafsi, alichukua kengele yangu. Ile ya mezani, mgeni anagonga ting. Aliipeleka ukumbini. Kila mtu dakika moja. Ikiisha, ting, mwingine. Vijana wakauita mkutano ule mstarini, kama ule mstari wa shule ya msingi. Na kweli ulikuwa hivyo. Ilitakiwa wasemezane wao kwa wao. Wao walimwangalia mzee mmoja tu, mikono nyuma.

Sasa wewe mwenyewe ni mtu wa huku, unajua. Sisi tukiulizwa habari tunasema nzuri. Nyumba imeungua? Nzuri. Mtu kafa? Nzuri. Kisha mgeni anapewa kiti, anapewa maji, anapumua, ndipo unasema, "Ila bwana..." Habari mbaya haisemwi mtu kasimama. Unaweza kumwua. Na Wagogo ndiyo usiseme: wataulizana mvua, mifugo, watoto, jirani, vyote vizuri, na mkishakaa kweli kweli ndipo msiba unatolewa taratibu. Lydia alilelewa hivyo. Huyo ndiye unayemsimamisha mbele ya mzee wa umri wa baba yake, kengele inangoja.

Siku moja alikuja jikoni uso umebadilika. Alikuwa akijaribu kazi iliyoandikwa na Abeli, sehemu ya kubadilishana zamu. Kule kwao mtu akifiwa au akiugua, jirani humpisha: chukua zamu yangu, mimi nitachukua yako. Ni jambo la kila msimu.

"Dada Salha, wakibadilishana, yule aliyempisha mwenzake anatoka kabisa. Hapangiwi tena. Na kompyuta hailalamiki, inaonyesha mambo sawa."

"Mwambie Abeli."

"Nimemwambia. Kasema ataiangalia raundi ijayo, karatasi yake iko Imekwisha tayari. Kaniomba nisimwaibishe mstarini."

"Basi mwambie mzee."

"Nitamwambia vipi bila kumtaja kaka Abeli?"

Hapo ndipo alipobanwa. Kushoto mwalimu wake aliyemtafutia mkate, kulia mzee mwenye kengele, nyuma wadogo zake wenye ada, na mbele baba yake na majaruba mawili. Nilimwona akizunguka na kikombe chake cha chai mpaka kikapoa.

Asubuhi iliyofuata nilitega sikio.

"Lydia?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee. Tunashukuru. Ujumbe unakwenda vizuri, majina yameingia vizuri, na ile sehemu ya zamu nayo tumeijaribu, ni nzuri, ila..."

Ting.

"Vizuri sana. Anayefuata!"

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Binti wa watu alikuwa anakaribia, anakaribia, ting. Alijaribu kumfuata ofisini kwake, mzee akamwambia mambo yote yasemwe mstarini, nje ya mstari ni majungu. Alimrudia Abeli. Abeli akasema raundi ijayo. Lakini raundi iliyofuata Mzee Rajabu alikuja na yake: anataka ujumbe uwe na salamu za Idi na Krismasi, anataka nembo yenye shuke la mpunga, anataka kompyuta icheze wimbo ikiwashwa. Ubao ukajaa. Kila baada ya wiki mbili kulikuwa na siku ya maonyesho, soda na keki, watu wanapiga makofi. Nilimwona Lydia anapiga makofi naye, macho yako sakafuni.

Kulikuwa hata na kikao cha kuangalia nyuma, cha kusema nini kimeharibika. Cha kwanza, kijana mmoja alisema ukweli kuhusu seva, ile kompyuta mama, akapewa barua ya onyo. Cha pili wote walisema hakuna neno. Wewe ungesema?

Programu ikazinduliwa. Wafadhili walikuja na makofia yao, picha zikapigwa. Mgawa maji kule Bahi, bwana mmoja anaitwa Petro, akapewa simu na maagizo: lango halifunguliwi bila ujumbe. Na Petro, mwoga wa kufukuzwa kazi, alilifuata neno hilo kama amri kumi.

Mwezi wa tatu mwanzoni Petro huyo huyo akafiwa na mkewe. Jaruba lake lilikuwa na zamu siku ya tatu ya matanga, yuko kwenye mkeka na waombolezaji. Nani akampisha? Jirani yake, Mzee Methusela. "Chukua yangu ya wiki ijayo, mimi nitachukua yako leo." Wakaingiza kwenye simu kama walivyofundishwa. Ujumbe ukarudi: Asante, zamu imebadilishwa.

Maji ya siku ile mzee aliyapata, lango likifunguliwa na kijana aliyemshikia Petro kazi. Baada ya hapo hakuona ujumbe mwingine. Wiki ikapita. Mpunga ulikuwa umefika pale unapotaka kutoa mashuke, pale ambapo ukikosa maji umekwisha. Majirani wanapata, yeye anakaa kwenye tuta na simu mkononi. Na hakulalamika! Angelalamikaje, wakati Bahi nzima kaiambia mashine ni ya mwanawe? Petro alimwambia, "Mzee, nikufungulie kidogo usiku?" Akakataa. Alisema akiiba maji atamwaibisha Lydia.

Alichofanya ni kumbipu mwanawe. Wakati ule ndiyo mtindo. Anabipu, anayelipwa mshahara anapiga. Lydia alitoka mlangoni mwa ukumbi asubuhi, mstari unaanza, akampigia amesimama karibu na meza yangu.

"Shikamoo baba. Habari za huko? Habari za shamba?" Akajibiwa. "Nzuri, eeh? Haya, tunashukuru." Akaulizwa jambo. "Hapana baba, sijakaa, nimesimama, niko mstarini, wewe sema tu."

Akasikiliza. Ndani kengele ikalia.

"Haya baba, kama ni nzuri, nitakupigia."

Akaingia mbio. Mchana alikuwa na karatasi za Idi, na jioni alisahau. Hata mimi ningekuwa yeye nisingejua kitu.

Siku chache baadaye simu ya mezani ililia, saa ya mstari ule ule. Alikuwa Petro. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga akijificha.

"Dada, wewe ndiye wa kompyuta?"

"Mimi wa mapokezi. Sema."

"Mwambie Lydia baba yake hana maji. Tangu anipishe wakati wa msiba wangu, simu haimtaji tena. Mpunga unakauka. Yeye mwenyewe hatasema."

Niliweka simu chini. Sheria ya mzee ilikuwa kwamba asiye wa timu haingii mstarini wala hafungui mdomo. Niliingia. Mzee Rajabu alikuwa na mkono juu ya kengele yangu. Niliichukua chini ya kidole chake.

"Salha!" akasema.

"Subiri, mzee. Lydia, kaa."

Alinitazama. Hakuna kiti pale, viti viliondolewa siku nyingi. Akajua kabla sijasema. Akakaa sakafuni, na sketi yake ya kazini.

Tulipanda basi la Manyoni mimi na yeye siku ile ile, sikuomba ruhusa. Bahi tulishuka jua kali, tukatembea. Mzee Methusela tulimkuta uani. Mzee mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu: "Habari za safari?"

"Nzuri," tukasema. Hee, ndivyo tulivyo.

Aliingia ndani akaleta vigoda, akapangusa kimoja kwa kiganja. "Kaa, mwanangu."

Lydia hakukaa. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye jaruba, nami nyuma yake. Udongo ulikuwa umepasuka mtu anaingiza vidole. Mashuke yalikuwa yametoka, marefu, yote yamesimama wima. Mimi mtu wa mjini, wa Nkuhungu, nikadhani ni mazuri. Mzee alikuja taratibu, akavunja moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu.

"Shuke lenye punje huinama," akanieleza mimi, mgeni, kwa adabu kabisa.

"Baba, mbona hukuniambia?" Lydia alilia kwa sauti, watu wa majaruba mengine wakageuka. "Nilikupigia! Nilikuuliza habari za shamba!"

"Uliniuliza."

"Ukasema nzuri!"

"Nilikuuliza kama umekaa," mzee akasema. "Ukaniambia umesimama."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningependa zaidi.

Kesho yake Lydia alikwenda kazini. Mimi nilidhani ningefukuzwa. Mzee Rajabu alikuwa mlangoni ananingoja, macho mekundu, na aliyoyasema hayakuwa ya kunifukuza. "Mbona hamkuniambia? Kila siku nauliza! Kila siku nauliza kila mtu!" Na kweli, kila siku aliuliza.

"Ulituuliza, mzee," Lydia akamjibu, akapita kwenda kwenye kompyuta yake.

Abeli alikaa kitini hata hakuvua begi. Aliirekebisha ile sehemu kabla ya chai ya saa nne. Kabla ya chai! Kazi ya kumfuta mtu kwenye maji ilingoja miezi, na ilikuwa ya kabla ya chai. Alipomaliza alikwenda ubaoni, akaitoa karatasi yake kwenye Imekwisha, akasimama nayo mkononi hajui pa kuiweka. Akairudisha pale pale. Mchoro haukushuka. Wafadhili waliandika kwamba mradi umefanikiwa, na kwa wakulima wengine ulifanikiwa kweli, nisiseme uongo.

Mzee Methusela msimu ule hakuvuna hata debe. Jaruba la kukodi alilirudisha. Wale waliokuwa wakiguna walikuja kumpa pole, akawaambia ni jua.

Lydia hakuacha kazi. Nilikwambia, akaacha aende wapi? Bado anasimama mstarini, sasa ana watoto wawili na karatasi zake ubaoni. Viti niliviomba mimi vikarudi, lakini hakuna anayevikalia. Semina ilisema kusimama. Kengele imebaki kwangu.

Kila Jumapili baada ya ibada anapita kwangu Nkuhungu, na akiwa kwangu humpigia baba yake. Siku hizi hasubiri kuulizwa. Anavuta kiti, anakaa sawasawa, ndipo anabonyeza namba.

"Shikamoo baba. Nimekaa, baba. Habari za shamba?"

"Nzuri, mwanangu," namsikia mzee, maana simu ya Lydia inapiga kelele.

Lydia hakati simu. Anabana simu sikioni, anangoja. Vocha inakwenda. Mimi naacha hata kukoroga chai. Upande wa pili unasikia kuku, unasikia mtu anakohoa, na mzee anangoja naye.

"Nzuri tu, mwanangu," anarudia mwishoni. "Rudi kwenye kazi zako."